Kwa Wifi Aliyehesabu Ndala Badala ya Watoto

Mpendwa wifi yangu Mwantumu,

Assalaam alaykum. Hapo ulipo Msata, kama umeshika mwiko uweke chini, kama umebeba mtoto wa watu mrudishe kwa mama yake, ukae usome. Ujumbe wako wa simu nimeupata. Maneno machache hayo si yako, wewe ambaye hata ukienda kununua chumvi dukani lazima uanze na hadithi. Umeniandikia: "Tafuta mwalimu mwingine. Mimi si wifi yako tena. Watu watasema nini?"

Toba! Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Nikarudia, nikanuna. Kisha nikampelekea Mama simu, akavaa miwani yake akausoma mwenyewe, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Alipomaliza akanirudishia simu bila kusema neno, na wewe unamjua mkweo akinyamaza. Basi nakujibu, na nakujibu wazi, kila mwenye macho asome. Waliosema kwamba mke akishaachwa na undugu umekatika hawakunong'ona. Waliyasema barazani, mchana kweupe, kahawa mkononi. Mimi nami sinong'oni.

Nitaanzia mbali kidogo, maana naona umeanza kusahau.

Unakumbuka darasa letu lilivyoanza? Lilianzishwa na maji kupwa. Maji yakitoka, akina mama wa hapa Mlingotini wote wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, na watoto ambao hawajafika umri wa shule wanabaki kuzagaa. Wengine walikuwa wanachukuliwa huko huko, wanakalishwa mchangani na jua lote lile, wanalia mpaka mama zao wapande. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeolewa na kaka yangu Sefu. Umeletwa kutoka bara, hujui kufunga mwani, hujui kuogelea, ukiona kaa unapanda juu ya ndoo unaita jina la mama yako. Lakini ulikuwa umesomea ualimu wa chekechea, na cheti chako kilikuwa kimelala kwenye begi chini ya nguo. Ukaniambia, "Wifi, hao watoto waleteni hapa barazani. Mwani siuwezi. Watoto nawaweza."

Nikakuuliza tutawafundishia nini, hata chaki hatuna. Ukasema, "Chaki ya nini?" Nikajua nimepata wifi mwenye kichwa kigumu, na roho yangu ikafurahi.

Basi ratiba yetu ikawa ya bahari. Maji yakitoka asubuhi tunafundisha asubuhi, yakitoka mchana tunafundisha mchana, na siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali kabisa, watoto wanakaa na sisi mpaka wanapata njaa mara mbili. Hakuna kengele. Mama akiona wanawake wanapita na kamba zao mabegani anaita tu kutoka jikoni, "Haya walimu, mkeka!"

Halafu ikaja siku ya kwanza. Wallahi nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka leo. Ulivaa kanga mpya, ukajipaka wanja kama unakwenda kuoza mtoto. Watoto wametulia mkekani, nyuso zimepakwa mafuta zinang'aa, na mama zao ndiyo wanapanda kutoka pwani na magunia ya mwani kichwani, wanachuruzika maji. Wakasimama kidogo wamtazame mwalimu wa watoto wao. Wewe ukaona hapo ndipo pa kuonyesha ujuzi. Ukanyoosha kidole, ukapaza sauti: "Mmoja! Wawili! Watatu! Wanne!"

Mama Riziki akatua gunia lake. "We mwalimu, unafanya nini?"

"Nawahesabu, dada, nijue wako wangapi."

"Unamhesabu mwanangu?"

"Ndiyo. Yeye ni wa nne."

"Mwanangu si nazi!" Akamchomoa Riziki mkekani, akamtia kwapani kama mkeka uliokunjwa, huyoo akaondoka, gunia kaliacha pale pale. Na wengine wakafuata, mmoja mmoja. Hakuna aliyetukana. Kuna mmoja alikuaga kwa adabu zote, "Ahsante mwalimu, tutakuja siku nyingine," na sisi wa pwani tunajua siku nyingine ni lini. Mkeka ukabaki mtupu, na wewe umesimama pale, kidole bado kiko hewani.

Ukaniuliza, "Nimefanya nini?" Mimi nilikuwa nimejishika mbavu kwa kicheko. Mama akatoka jikoni na mwiko, naye anajizuia kucheka. Akakukalisha chini akakwambia, "Mwanangu, watoto hawahesabiwi. Hapa mtu akikuuliza unao wangapi, unasema Mungu ametujaalia, basi, yamekwisha. Ukisimama hadharani ukaanza huyu mmoja, yule wa pili, unamtajia nani? Anayesikia si Mungu peke yake."

"Kwani kwenu Msata watu wanahesabiwa?" nikakuuliza.

Ukanigeukia, machozi yako karibu, hasira iko juu: "Kwetu tulikuwa tunahesabu mabasi!"

Hapo hata Mama alishindwa. Tulicheka sisi watatu mpaka kuku wakakimbia. Ndipo ukatuhadithia ulivyokuwa mdogo, unakaa na ndugu zako karibu na njia panda, kila mmoja amechagua rangi yake. Wewe ulichukua malori mekundu, dada yako mabasi ya bluu, na mwenye mengi wakati wa kuitwa kula ndiye anayepewa ukoko wa wali. Hesabu umejifunza hivyo, kabla hujajua kwamba kuna kitu kinaitwa hesabu. Nilikusikiliza nikakuonea wivu, maana mimi hesabu nilifundishwa kwa fimbo.

Watoto hawakurudi kesho yake, wala kesho yake tena. Mama akasema tukunje mkeka. Sefu akasema si kila kitu cha chuoni kinafaa pwani. Nikadhani sasa utajifungia chumbani ulie, maana ningekuwa mimi ningelia. Wewe ukachukua ndoo ya Mama bila kuomba, ukashuka ufukweni peke yako, wewe mwoga wa kaa, maji yakiwa yametoka. Ukarudi ndoo imejaa ndala.

Ndala! Zile zinazotupwa na bahari. Nyekundu, za bluu, za kijani, za njano, za waridi, zilizoliwa na chumvi, zenye alama za meno ya samaki, zote za mguu mmoja mmoja, maana bahari haijawahi kurudisha pea. Mama akakutazama akauliza, "Mkwe wangu, unafungua duka?"

Ukazifua kwa sabuni ya unga, ukazianika ukutani, ukachukua kisu cha samaki ukaanza kukata. Nikakaa nikusaidie. Tulikata duara, tulikata pembe tatu, tulikata samaki, na mwezi, na kitu kimoja ulichosema ni ua ila mimi naapa kilikuwa viazi. Tukachoma msumari kwenye jiko tukawa tunatoboa matundu, na ule moshi wa raba ukajaa mtaa mzima, jirani akaja na ndoo ya maji anadhani nyumba inaungua. Kisha ukapigilia misumari miwili ukutani karibu na mlango, ukafunga mshipi, ule uzi mgumu wa kuvulia, kutoka huku mpaka kule. Nikakuuliza wa nini. Ukasema, "Utaona."

Kesho yake ulibeba kile kikapu cha vipande ukapita nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimejificha uso kwenye mtandio kwa aibu. Ukibisha hodi, ukisalimu, shikamoo kwa wakubwa, habari za asubuhi kwa wenzako, halafu unachuchumaa mbele ya mtoto unampa kikapu achague. "Chagua chako. Hiki kitakuwa wewe." Na kwa mama yake ukawa unasema sentensi moja tu: "Mtoto wako sitamhesabu. Nitahesabu ndala."

Walicheka, kwanza kwa adabu, halafu kwa kweli. Nani ataroga ndala? Nyumba baada ya nyumba watoto wakachagua. Tulipofika kwa Mama Riziki, akakitazama kikapu, akakitazama tena, akaingia ndani. Nikakuvuta kanga nikakwambia twende, amekasirika. Akatoka ameshika ndala yake mwenyewe ya njano, ya kuvaa, na kisu. Akakata kisigino chote mbele yetu. "Hivyo vyenu vimeokotwa, havijulikani vimevaliwa na nani. Hii ni ya mguu wangu. Huyu ndiye Riziki. Mhesabuni huyu mpaka mchoke." Akabaki na ndala moja nzima na moja nusu, akashuka nazo mwanini siku ile, anachechemea kwa makusudi ili kila mtu amuulize.

Wifi, mtu anayefanyiwa hivyo anaweza kusema yeye si mtu wa hapa?

Nikumbushe na mengine, maana nimeshaanza na sitaki kuishia njiani. Kila mtoto akifika, kazi yake ya kwanza ni kupachika ndala yake kwenye uzi. Wengine hawaufikii, tunawanyanyua. Kisha wote wanakaa, wewe unapita na kijiti unagusa kipande kimoja kimoja, na wao wanapiga kelele mpaka watu wa msikitini wanageuka: "Mojaaa! Mbiliii! Tatuuu!" Walijifunza rangi kabla hawajajua kwamba wanafundishwa. Nyekundu ngapi? Bluu ngapi? Tukizishusha nyekundu, zimebaki ngapi? Ukichoka na ndala unamwaga vifuniko vya chupa za maji, au zile kamba fupi za plastiki za kufungia mwani, tai-tai, ambazo mama zao walikuwa wanatupa zikichakaa. Walikuwa wanazifunga kumi kumi, fundo moja kwa kila tai-tai, na vidole vyao vidogo vikajua fundo la mwani kabla ya kujua kalamu. Akina mama wakawa wanasema, "Huyu mwalimu wa Msata hajui kufunga mwani, lakini anafundisha watoto wetu kuufunga!"

Je, ule mgogoro wa mpira umeusahau? Baba yake Shabani alikuja amenuna, amevaa jezi ya timu yake, anataka kujua ni nani aliyempa mwanawe kipande chekundu. "Nyumba yangu mimi ni ya kijani na njano, mwalimu. Mwanangu hawezi kulala na nyekundu chini ya mto." Ukamwambia mtoto kachagua mwenyewe. "Ndiyo maana nimekuja, nimwokoe mapema!" Ukambadilishia kijani, baba akaondoka anaimba. Jioni tukasikia Shabani analia nyumba ya tatu, anataka nyekundu yake. Ikabidi apewe zote mbili, na ukatumia wiki nzima kuwaeleza wenzake kwa nini Shabani mmoja anahesabiwa mara mbili.

Na mbuzi wa Mama! Ulikuwa umekata vitambaa vya kanga sita ili uwafundishe sita, ukavipanga vizuri mkekani, ukageuka nyuma kumfuta mtoto kamasi. Mbuzi akala viwili. Watoto wakapiga kelele, mimi nikashika fimbo, wewe ukanizuia. Ukawageukia umetulia kabisa: "Vilikuwa sita, mbuzi amekula viwili. Tumebakiwa na vingapi?" "Vinneee!" Mbuzi akala kingine. "Na sasa?" "Vitatuuu!" Mama alikuwa mlangoni anapiga mayowe, mbuzi wake atakufa kwa kula kanga, nawe unaendelea na somo mpaka vitambaa vikaisha. Siku ile ndiyo walijifunza kutoa, na sifuri pia. Nyumbani Riziki alipoulizwa amejifunza nini akasema, "Sifuri ni mbuzi ameshiba."

Riziki huyo huyo alikuwa hawezi kutamka tano. Moja, mbili, tatu, nne, sita. Kila siku. Mimi nilishakata tamaa, nikasema labda ulimi wake mzito. Wewe ukakaa naye chini ya uzi, ukamtazama macho yake yanakwenda wapi. Ukagundua kipande cha tano kutoka mlangoni kilikuwa cha Shabani, na Shabani alikuwa amemng'ata. Hamtaji! Ukabadilisha vipande nafasi, akahesabu mpaka kumi bila kupumua, ila kwenye tisa, alikohamia Shabani, akaruka. Nilicheka nikalala chini.

Alipokuja yule afisa wa elimu kutoka Bagamoyo mjini na karatasi zake, akauliza mna watoto wangapi, baraza zima likakohoa. Mama akaanza kumkaribisha chai. Wewe ukasema bila kupepesa macho, "Ndala ziko ishirini na mbili." Akatazama ukuta, akatazama wale wamama, akacheka mpaka akavua kofia. Akasema kwao Pangani ni hivyo hivyo, bibi yake angemfukuza na maji ya moto. Akaandika alivyoandika, tukanywa chai.

Lakini siku niliyokupenda kupita zote si ya kucheka. Maji yalikuwa yanajaa kwa kasi, watoto wamechukuliwa, kila mmoja na ndala yake mkononi. Mama Riziki alikuwa amechelewa kupanda, akadhani dada yake amekwisha kumchukua mtoto, akapita moja kwa moja kwenda kwake. Mimi nimeshaanza kukunja mkeka. Ukasema, "Ngoja." Kwenye uzi kulikuwa na kipande kimoja, cha njano. Ukasema, "Riziki hajaondoka." Tukaita, kimya. Nikaitazama bahari. Wewe hukutazama bahari. Wewe ulikuwa unasema tu, "Hajaondoka, ndala yake iko hapa, hajaondoka," unafunua kila kitu, kitanda, pipa, madebe, na ukamkuta ndani ya tenga la mwani mkavu nyuma ya choo, amelala fofofo, mdomo wazi. Mama yake alipokuja mbio hana hata kanga ya juu, ulimkabidhi mtoto wake na kile kipande. Kesho yake alileta bakuli la pweza wa nazi akasema neno moja, "Kula," akaondoka.

Hayo ndiyo mambo ninayoyajua mimi kuhusu wewe.

Yaliyotokea kati yako na kaka yangu ni yenu wawili. Nilikuwa nyumba hiyo hiyo, na sikuyajua yote, na sitaki kuyajua. Alikupa talaka, ukakaa eda yako humu humu kwa heshima zote, na darasa tukalihamishia uani ili usitoke barazani. Watoto hawakuuliza kitu. Walikuwa wanafurahi kwamba uani kuna kivuli na mbuzi. Wewe ulikuwa unakonda, ukifundisha unacheka, wakiondoka unanyamaza. Eda ilipokwisha mjomba wako akaja kukuchukua na bajaji. Ukanishika mkono ukasema, "Wifi, mimi sasa si wa nyumba hii." Na mimi mjinga nikashindwa kusema kitu, maana kulikuwa na mtoto kila upande ananivuta kanga anauliza mwalimu anakwenda wapi.

Sasa nasema. Sefu ndiye aliyekuacha. Mimi sikukuacha. Mama hakukuacha. Talaka ilikuwa na jina lake na jina lako, la kwangu halikuwamo, na kama lingekuwamo ningekwenda kwa shehe likafutwe. Inawezekanaje mwanamume mmoja aondoke na mume, na shemeji, na wifi, na mkwe, wote kwa siku moja? Huo ni uroho. Yeye ana maisha yake Bagamoyo mjini, namwombea heri, ni kaka yangu. Lakini wifi yangu ni wangu.

Unaniambia nitafute mwalimu mwingine. Nilitafuta, nisikudanganye. Alikuja binti mmoja mzuri, ana adabu, ana vitabu vya picha. Watoto walimpenda. Mimi ndiye niliyeshindwa. Kila akitaka jambo ananiuliza, "Tufanyeje, dada?" na mimi nimezoea mtu asiyeniuliza, mtu anayechukua ndoo ya Mama akaondoka. Ameolewa Kaole mwezi uliopita, na nilipocheza harusini kwake nilicheza kwa furaha mbili.

Nikupe habari. Wazazi wametujengea chumba. Kiko nyuma ya madrasa, kuta za matofali, bati juu, na dirisha kubwa upande wa bahari. Akina mama walibeba mchanga wenyewe kwa yale yale magunia ya mwani. Baba Shabani alipaka rangi mlango, kijani na njano bila kuuliza mtu, na usiku ule ule mtu akaja akapaka bawaba nyekundu. Watoto sitakwambia wako wangapi, unajua mwenyewe. Nitakwambia tu kwamba uzi wa kwanza umejaa na tumefunga wa pili, na bahari haijaacha kuleta ndala. Riziki sasa yuko darasa la kwanza, na mwalimu wake analalamika kwamba akipewa hesabu ya kutoa anauliza mbuzi yuko wapi.

Kuhusu watu watasema nini: watasema. Hapa watu wakikosa la kusema wanaumwa. Kuhusu utakaa wapi, maana najua hutaki kulala nyumba uliyoachikia, Mama Riziki ana chumba cha uani, kimepakwa chokaa, kina kitanda, na ameniambia nikwambie kinakungoja wewe na si mpangaji.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia simu. Nimekwambia Mama alisoma ujumbe wako akanyamaza. Alinyamaza mpaka baada ya swala ya Alasiri. Kisha akaniita chumbani. Nikamkuta ameshusha kisanduku chake, ametoa sinia la shaba, analisugua kwa limau na majivu. Nikamuuliza nani anaoa. Akasema, "Mara ya kwanza nilimposa Mwantumu kwa ajili ya Sefu. Sasa namposa kwa ajili yangu."

Nilidhani anatania. Wifi, hatanii. Halua imeshaagizwa, kashata napika mimi, asumini zitachumwa asubuhi yake zisinyauke njiani. Kanga amezichagua mwenyewe, na amekataa nisome maandishi yake kabla yako. Jumamosi tunapanda gari kuja Msata, Mama, mimi na mshenga wetu. Na mshenga wetu, kama hujakisia, ni Mama Riziki, ameshaanza kujifunza maneno ya kuingilia kwa wakwe, anayasema peke yake mwanini mpaka wenzake wanamzomea. Mwambie mjomba wako atandike mkeka na asishangae kuona posa isiyokuwa na mwanamume.

Na nikukumbushe sheria, maana wewe ni msomi lakini wakati mwingine unajifanya hujui. Mwali akiposwa, akiulizwa akanyamaza, kimya chake kinatosha kuwa radhi. Wewe si mwali, wifi. Mwanamke aliyekwisha kuolewa kimya chake hakihesabiwi. Lazima aulizwe na lazima ajibu kwa mdomo wake. Basi Mama Riziki akimaliza maneno yake yote ya mwani, nitakuuliza mimi, kwa sauti, mbele ya mjomba wako na majirani watakaokuja kuchungulia: Mwantumu, unakubali kuwa wifi yangu, bila mume katikati?

Usinitumie ujumbe. Nataka nikusikie.

Kwaheri mpaka Jumamosi inshallah. Mama anakusalimu kwa mkono wake pembeni ya barua hii, na hajaandika "mkwe wangu wa zamani", ameandika "mkwe wangu". Nimeangalia.

Ni mimi,
wifi yako, mpaka wewe mwenyewe ufungue mdomo useme hapana.